Zirudishe Zilikotoka

Asubuhi ya Jumamosi moja ya kiangazi nilishuka katika daladala pale Ngamiani, mjini Tanga, nimekumbatia gunia ambalo ndani yake mlikuwa na vyuma viwili virefu vilivyoviringishwa kwa kanga iliyochakaa, na mama aliyekaa ubavuni mwangu njia nzima alikuwa ameziba pua kwa upindo wa mtandio wake, akiamini, bila shaka, kwamba nimebeba papa aliyeharibika. Hakuwa papa. Ilikuwa miguu miwili ya mbele ya pikipiki yangu, ile ambayo mafundi wetu huiita shokapu, na shombo lile lilikuwa la mafuta yaliyolala ndani yake miaka nisiyoweza kuihesabu, yakipenya kidogo kidogo katika sili zilizochoka.

Pikipiki yenyewe ni ya Kijapani, iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ya jinsi ile ndefu yenye gurudumu kubwa la mbele ambayo aghalabu ilitumiwa na mabwana shamba, mapadri na waganga wa zahanati za vijijini katika zama ambazo neno bodaboda lilikuwa halijafika kwetu. Nami niliinunua kwa bwana shamba mstaafu wa Muheza, mtu muungwana, aliyenieleza kwa insafu kila ila ya chombo kile isipokuwa moja, kwa sababu hiyo moja hata yeye mwenyewe alikuwa haijui. Chapa yake siitaji, kwa kuwa maradhi ninayoyakusudia hayana kabila: huzipata pikipiki za Wajapani, za Wajerumani na za Waingereza sawasawa.

Dalili zake ni hizi. Ukikamata breki, pua ya pikipiki huinama kama ng'ombe aliyefika mtoni. Ukipita juu ya tuta, viganja hupokea pigo ambalo lingepaswa kumalizwa na chuma. Na baada ya shimo usukani hupanda na kushuka mara tatu au nne kabla haujatulia. Sababu yake ni kwamba ndani ya kila mguu mna springi na mafuta, ambapo springi hubeba uzito, na mafuta, yakilazimishwa kupita katika matundu membamba, huizuia springi isirukeruke ovyo. Mafuta yakipungua au yakigeuka kuwa tope, springi hubaki peke yake kama mtoto asiye na mlezi. Mafuta ya injini kila mtu huyabadili, kwa kuwa injini hupiga kelele na hatimaye hufa. Mafuta ya shokapu hayana mtetezi. Nimewauliza vijana wengi wa bodaboda wameyabadili lini, na jawabu la wengi wao lilikuwa kicheko.

Sasa njia ya kuyafikia mafuta hayo ni kizibo kilichoko juu kabisa ya mguu, chenye hesi, karibu na usukani. Na kizibo hicho, ikiwa hakijaguswa kwa miaka mingi, huganda kiasi cha kumfanya mwenye pikipiki afikiri kwamba kiwandani walikichomelea. Mimi nilikuwa nimekwisha kuipeleka pikipiki kwenye gereji moja, ambako kijana mwenye nguvu nyingi na haraka nyingi zaidi alikijaribu kizibo cha kushoto kwa ile spana ya kujirekebisha ambayo mafundi wameipa jina nisiloweza kuliandika katika gazeti linalosomwa na watoto, akazilainisha pembe zake mbili, kisha akachukua tindo na nyundo akakipiga ubavuni hadi kikapata jeraha la kina cha ukucha, na kizibo hakikusogea hata upana wa unywele. Nilimlipa, nikaondoka. Usiku ule nikajishauri kwamba kazi ingekuwa nyepesi kama miguu ingekuwa mkononi, nje ya pikipiki, mahali ambapo mtu anaweza kuigeuza atakavyo. Basi nikatoa gurudumu, nikalegeza bolti zote, nikaichomoa miguu, nikaitia gunia, nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi ambaye sifa zake nilikuwa nimezisikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umetuletea kitoweo?"

"Nimeleta shokapu, mzee wangu. Vizibo vyake vimekataa kufunguka."

Alilifungua gunia, akautazama mguu mmoja, akaukamata kwa kiganja, akaupindapinda kama anayekagua muwa. "Nani aliyekwambia uichomoe?"

"Niliona itakuwa rahisi ikiwa mkononi."

"Mkononi utaikaba wapi? Bomba limenyooka, limeng'arishwa, halina sikio." Akaurudisha mguu katika gunia kwa adabu ile ile aliyoutolea. "Zirudishe zilikotoka, kisha uniletee pikipiki nzima. Na chai usinywe hapa, ukanywe kwako, maana utachelewa."

Nilifanya hivyo, nikiwa na hasira kidogo, na katika hasira ile nikaanza kuifahamu tadbiri ambayo mzee hakujisumbua kunifafanulia. Pikipiki, kwa upande wa mbele, huishika miguu yake kwa vikamatio viwili, kimoja chini ya kichwa cha fremu na kingine juu yake, na kila kikamatio hukaza kwa bolti ya pembeni inayolibana bomba kama mtu anavyokibana kidole cha mwenziwe katika ngumi. Kikamatio cha chini ndicho jiliwa bora kuliko majiliwa yote duniani, kwa kuwa kimechongwa kwa kipimo cha bomba lile lile, hulishika pande zote, wala hakilikwaruzi. Ukilitia bomba katika jiliwa la mezani, ama litateleza na kuchubuka kromu, na mchubuko huo utazila sili zako mpya katika muda mfupi, ama utakaza hadi bomba liwe yai. Na bomba lililokuwa yai halinyooki tena. Kwa hiyo kizibo hulegezwa mguu ungali mahali pake, na mguu huchomolewa baadaye, kizibo kikiwa kimekwisha kulegea.

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya habari, na nusu ya pili ndiyo iliyonitia haya.

Niliporudi adhuhuri nikiisukuma pikipiki, mzee alikuja na kigoda, akakaa mbele ya gurudumu, akaniuliza swali moja tu: "Kijibolti cha pembeni cha kikamatio cha juu, yule kijana wa gereji alikilegeza kabla hajapiga tindo?" Sikujua. Tulipokitazama, rangi ya kiwandani ilikuwa ingali juu ya kichwa chake nusu nzima, na nusu nyingine ilikuwa imechubuliwa na spana yangu usiku uliotangulia, nilipoichomoa miguu. Basi ilikuwa dhahiri kwamba hakikuguswa. Sasa fikiri, msomaji: kikamatio cha juu hulibana bomba pale pale ambapo, kwa ndani, hesi za kizibo zimekaa. Ukuta wa bomba mahali hapo ni mwembamba kuliko kwingine, kwa kuwa umekatwa hesi. Ukiubana kwa nje, huzikaba hesi za kizibo kwa ndani, na kadiri kijibolti kilivyokazwa ndivyo kizibo kinavyokabwa. Kijana yule alikuwa akipigana na bolti mbili huku akidhani anapigana na moja. Mashindano ya jinsi hiyo hayana mshindi isipokuwa tindo.

Niruhusu nitoke njiani kidogo. Shokapu za mafuta si za kale sana. BSA M20, ambayo jeshi la Uingereza liliitumia katika Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na foki ya vyuma vilivyoungwa mfano wa ngazi, yenye springi moja mbele ya kichwa, bila mafuta ndani wala kizibo cha kumsumbua mtu. Nimbus ya Denmark ilikuwa na mabomba yanayoingiana mwaka 1934, na mwaka uliofuata, 1935, BMW ya Ujerumani ikatoa R12 na R17, zilizokuwa na mabomba yanayoingiana na mafuta ya kutuliza springi ndani yake. Na tangu hapo umbo hilo likaenea hadi likawa kana kwamba pikipiki haikupata kuwa na jingine. Kwa hakika pikipiki ya leo inayobeba magunia ya mkaa kutoka Handeni ni mjukuu wa R12 kwa upande wa miguu, hata kama kwa upande wa injini hawajuani.

Si vizibo vyote vilivyo na hesi, na hapa sharti mtu ahadhari. Baadhi ya Yamaha za mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 zina kifuniko cha mpira ambacho chini yake mna kipande cha duara kilichozuiwa na pete ya waya. Kazi yake ni kukididimiza kipande hicho chini kwa nguvu, kuichokoa pete ile kwa bisibisi nyembamba, kisha kukiachia taratibu. Mtu asiyejua hutafuta pembe za kukamatia spana, asizione, akaanza kuchimba. Na ziko nyingine, mathalan Honda CB900F za miaka ile ile, zilizotiwa upepo juu ya mafuta, zenye valvu kama ya tairi; upepo huo sharti uachiwe kwanza, la sivyo kizibo kitatoka kwa namna ambayo hutaisahau.

Turudi kwa mzee. Alilegeza kijibolti cha pembeni cha kikamatio cha juu, akakiacha cha chini kimekaza. Akaufungua usukani bolti zake nne, akaulaza juu ya tangi juu ya kitambaa, ili juu ya kizibo pasiwe na kitu na mkono uende wima. Kwa kuwa boksi spana ikikaa upande hata kidogo, nguvu yote hula pembe badala ya kuzungusha. Akatia mti chini ya injini, gurudumu la mbele likaning'inia. Kisha akatoa boksi spana ambayo sijapata kuiona mfano wake, na alipoona ninaitazama, akanipa niishike: ilikuwa ya pembe 6, wala si ya pembe 12, na mdomo wake ulikuwa umesagwa kwa jiwe hadi ule mteremko wa ndani, ambao kila boksi ya dukani huwa nao ili iingie kwa urahisi, ukaondoka kabisa. Kizibo cha shokapu kina kichwa kifupi, pengine milimita sita au saba za kukamata. Mteremko wa boksi hula milimita mbili za hizo bure, nazo ndizo milimita zinazoamua kama pembe zitabaki au zitalainika. Boksi ile alikuwa ameisaga mwenyewe, na haifai kwa kazi nyingine yoyote.

Kizibo cha kulia, ambacho hakikupata kuguswa na yule kijana, kilitoa sauti kama ya karanga inayovunjika, kikazunguka. Mara moja tu. Siku mbili za udhia na kumbe kilikuwa kinangoja kijibolti kimoja.

Cha kushoto hakikusikia hilo. Kilikuwa na jeraha la tindo, kilikuwa na pembe mbili zilizolainika, na pembeni mwake, mahali alumini ya kizibo inapokutana na feleji ya bomba, palikuwa na unga mweupe kama chumvi ya mawe. Unga huo ni kutu ya alumini. Madini mawili yasiyo ya jinsi moja yakigusana na kupata unyevu wenye chumvi, lile dhaifu huliwa, na katika ndoa ya alumini na feleji dhaifu ni alumini. Na hapa Tanga, ambapo hewa yenyewe huacha chumvi juu ya vioo vya madirisha, ndoa hiyo haihitaji muda mrefu kuharibika. Ubaya zaidi ni kwamba kutu ya alumini huchukua nafasi kubwa kuliko alumini iliyoliwa, basi huvimba ndani ya hesi na kuzijaza kama wali unavyovimba chunguni.

Nilimwambia mzee tukitie moto. Nimewaona mafundi wengi wakifanya hivyo, na ni tiba ninayoiamini.

"Moto utakikaza, Mwalimu," alisema. "Kizibo ni alumini, kimo ndani. Bomba ni feleji, liko nje. Ukivichoma vyote pamoja, kipi kitavimba zaidi?"

Mimi ndiye niliyefundisha sayansi miaka mingi, na mimi ndiye niliyenyamaza. Alumini, ikipashwa moto, hutanuka takriban mara mbili ya feleji. Basi kuuchoma mguu mzima ni kukivimbisha kizibo ndani ya tundu ambalo halivimbi kwa kadiri ile ile. Fauka ya hayo, chini ya kizibo mna mafuta, na mwali wa gesi juu ya chupa ya mafuta iliyozibwa ni upumbavu wa aina yake. Moto hufaa ikiwa utaliendea bomba peke yake, na kizibo kikabaki baridi.

Jinsi alivyofanya ni jambo ambalo nimelisimulia kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Alimtuma mjukuu wake nyumba ya tatu, kwa mama anayeuza barafu za ukwaju, akaleta mbili ngumu kama mawe katika vijifuko vyake. Huku birika likichemka juu ya jiko la mkaa. Kwanza alikuwa amekipaka kizibo mafuta ya kulegeza kutu tangu mchana, akakigonga kichwani kwa kipande cha shaba, mapigo mepesi, wima, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa, ili mafuta yapate ufa wa kuingilia. Akakiacha hadi baada ya sala ya alasiri. Sasa akaizungushia shingo ya bomba kitambaa, akakinywesha maji ya moto polepole, wakati mjukuu amekigandamiza kizibo kwa barafu. Dakika mbili au tatu. Baadaye nilipiga hesabu nyumbani: kwa kizibo cha milimita 35, tofauti ambayo moto wa nje na baridi ya ndani vinaweza kuifanya ni kama sehemu tano za mia za milimita moja, yaani nusu ya unene wa karatasi ya daftari, na hiyo ni kwa hesabu ya kitabu, ambayo huwa karimu kuliko ya gereji. Nusu ya karatasi ilitosha.

Aliivika boksi, akaikalia kwa kiganja cha kushoto na uzito wa bega lake, ili isipande. Akatia mpini mrefu, na kwanza, la ajabu, akaukaza. Kidogo tu, kama kuijaribu. Kisha akaufungua kwa mshtuko mfupi mmoja. Kizibo kilisema neno moja kali, barafu ya ukwaju ikamwagika juu ya tangi langu, na unga mweupe ukajitokeza katika hesi kama sukari pembezoni mwa kikombe. Kutoka hapo alikwenda mbele nusu mzunguko na nyuma robo, mbele na nyuma, akitia mafuta kila mara, kwa sababu unga ule, ukiburutwa kwa pupa, huzichana hesi laini za alumini katika mzunguko wa mwisho baada ya kuwa umeshinda vita vyote.

Hapo kuna jambo ambalo si la starehe bali la usalama. Chini ya kizibo mna springi iliyogandamizwa, nayo husukuma juu kwa muda wote. Hesi ya mwisho ikiachia, kizibo huruka. Ndiyo maana gurudumu liliinuliwa, ili mguu urefuke wote na springi ipumue kadiri iwezekanavyo, na ndiyo maana mzee hakuweka uso wake juu ya kizibo hata mara moja, wala hakumruhusu mjukuu kuchungulia. Hesi za mwisho alizimaliza kwa mkono, kiganja kikigandamiza chini, na springi ikapanda taratibu kama kikongwe anayeinuka mkekani.

Mafuta yaliyotoka yalikuwa ya kijivu. Mzee huyapima kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, kwa kuwa ina mistari ya mililita na huuzwa katika kila duka la dawa. Mguu wa kulia ulitoa kiasi cha kuridhisha, wa kushoto ulitoa chini ya nusu yake, na jirani anayekaanga mihogo akauliza kwa sauti ni nani aliyemwaga maji ya samaki.

Kuhusu kufunga nitasema machache, kwa sababu ni kufungua kulikogeuzwa. Hesi husafishwa kwa brashi ya waya wa shaba, ringi ya mpira hubadilishwa, hesi hupakwa grisi ili chumvi isipate mlango tena, na kizibo hukazwa kwa kiasi, si kwa hasira, kikamatio cha juu kikiwa kingali kimelegea. Kijibolti cha pembeni ndicho cha mwisho. Mtu akikigeuza kilicho mwisho kikawa mwanzo, atakuwa amemwandalia fundi wa miaka ijayo kazi ile ile. Kizibo changu cha kushoto hakikufaa kurudi. Mkereza vyuma wa mtaani alinikerezea kingine kwa alumini, kwa kipimo cha kile cha kulia, na kimekaa vizuri, ingawa hakifanani rangi.

Nilimwuliza mzee, nilipokuwa nikimlipa, kwa nini hakunieleza habari ya kikamatio asubuhi ile ile badala ya kunirudisha na gunia langu. Alisema kwamba mtu aliyebeba shokapu kwenye daladala hasikii.

Ikiwa una pikipiki iliyopita miaka 10, na hujui vizibo vyake vilifunguliwa lini, basi Jumamosi hii, ikiwa imesimama juu ya miguu yake yote, legeza kijibolti cha pembeni cha kikamatio cha juu, kifungue kizibo robo ya mzunguko tu, kisha ukirudishe na ukaze kijibolti. Kikikataa, usichukue tindo. Tafuta barafu.